Kwa Nini Mama Alivaa Soksi Mguu Mmoja

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Kaka,

Salamu zikufikie hapo ulipo, wewe na Wifi na watoto. Natumaini baridi ya huko imepungua, na kile kikohozi ulichokuwa unakificha kwenye simu kimekuacha. Usidhani hatukukisikia. Mama alikisikia kabla yangu, akasema unakohoa huku umeziba mdomo kwa mkono, kama ulivyokuwa ukifanya utotoni ulipokuwa hutaki kunyweshwa dawa.

Sisi huku tunaendelea. Shuleni walitufundisha kuandika kwamba sisi ni wazima wa afya, nami nitaandika hivyo, maana wote waliomo humu ndani wanapumua. Lakini nyumba yetu haina raha, Kaka, na sitaki ufike katikati ya barua ndipo ugundue. Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu nyumba ya vyumba viwili haina siri. Mama akisikia nimetaja jina lako huja kukaa pembeni yangu mpaka simu iishe.

Kwenye barua yako uliuliza mbona katika ile picha niliyokutumia Mama kavaa soksi moja tu. Uliandika kwa hasira kidogo. Ulisema ulizunguka maduka ya dawa kutafuta zile soksi za kubana, na kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyempima Mama kifundo na shavu la mguu kwa futi yangu ya cherehani nikakutumia vipimo. Yote ni kweli. Soksi ya pili haikupotea wala haikuuzwa. Ilikuwa inakwenda kazini kila siku kama mwenzake, ila kwenye mguu wa mtu mwingine.

Unamkumbuka Chiriku. Huwezi kumsahau mtu aliyekuvuta sikio kutoka sokoni hadi mlango wa darasa siku ulipotoroka shule. Tangu tukiwa wadogo, yeye na Mama walikuwa na meza za jirani pale kiwandani kwa madobi, wanapiga pasi mashuka ya hoteli na ya hospitali, wamesimama kutwa nzima kwenye sakafu ya saruji. Jina hilo alilipata kwa mdomo wake ambao haukujua likizo. Mama alizoea kusema kwamba pasi ya Chiriku hutoa mvuke kwa kumwonea huruma, ili naye apumue kidogo.

Miguu yao iliharibika pamoja. Wa Mama ulianza wa kushoto, wa Chiriku wa kulia. Mishipa ilijisokota chini ya ngozi kama kamba iliyolowa, na jioni ikifika viatu vilivyowaingia asubuhi vilikataa. Walifanya mzaha wao kwamba wakiunganishwa anapatikana mwanamke mmoja mzima, na anayebaki apewe pensheni. Basi kifurushi chako kilipofika, Mama alikipeleka kazini kukitambia, akakifungua mbele ya wenzake, akavaa soksi moja palepale, na nyingine akampa Chiriku. Kwa akili yake hakuona kosa. Mguu mgonjwa ni mmoja, soksi ni mbili, na mwenzake anaumwa. Moja ikae kabatini ifanye nini?

Ningefurahi kama habari ingeishia hapo. Nilikuambia kwa simu kwamba Chiriku amefariki, sikukuambia alivyofariki. Sasa nakuambia.

Ilikuwa asubuhi, anaoga ili aende kazini. Karibu na kifundo ngozi yake ilikuwa imekwisha kuwa nyembamba, na mshipa mmoja umetokeza kama punje. Alipokuwa anasugua mguu, ile punje ikapasuka. Wanasema haikumuuma. Aliona maji yamebadilika rangi, ndipo akamwita mumewe.

Mumewe ni yule fundi baiskeli, mpole, ambaye kwa miaka yote ya ndoa hakuhitaji kusema neno kwa kuwa mkewe alisemea wote wawili. Alifanya ambalo mimi na wewe tungefanya. Alimbeba, akamkalisha kwenye kiti kizuri cha sebuleni, akachana kitenge akamfunga kwa nguvu chini ya goti. Majirani wakajaa. Mmoja anampepea, mmoja anamnywesha maji ya sukari, mmoja amemshika mgongo asiinamie mbele, na mwingine amekimbilia gari. Damu ikawa inaendelea tu. Chiriku mwenyewe alikuwa anaongea, anawacheka kwa jinsi wanavyomhangaikia, anasema leo amekuwa bibi harusi. Kisha akanyamaza. Waliposikia kimya ndipo wakajua.

Kule kiwandani, Mama aliona meza ya mwenzake iko tupu. Akachukua mashuka ya Chiriku akayachanganya na ya kwake ili msimamizi asigundue, akapiga pasi fungu la watu wawili. Alikuwa bado anapiga pasi walipokuja kumwambia.

Siku kadhaa baada ya maziko, fundi baiskeli alikuja hapa nyumbani. Alikuwa ameshika mfuko wa karatasi, na ndani yake ile soksi, imefuliwa na kukunjwa. Alisema, "Hii ni ya kwenu," akakaa kidogo, akakataa chai, akaondoka. Mama aliipokea kwa mikono miwili. Jioni hiyo akavua na yake, na tangu siku hiyo hakuvaa hata moja.

Kaka, mguu ulivimba. Ngozi ya kifundoni ikawa nyeusi na ngumu, akawa anajikuna usingizini, na siku moja nikaona pamefunguka kidonda kidogo chenye majimaji. Nilisema nikachoka. Shangazi alikuja akasema mpaka sauti ikamkauka, na unajua sauti ya Shangazi haikauki kirahisi. Mama alikuwa ametia pamba masikioni. Nilikuwa naogopa kwenda dukani, naogopa kumwacha bafuni, kila akikawia nabisha mlango. Akawa ananigombeza kwamba hata kuoga sasa anaoga kwa ulinzi wa askari.

Aliyepata ukweli ni Shangazi, maana sisi watoto huambiwa mwisho. Mama aliamini kwamba ile soksi ndiyo iliyomuua mwenzake. Chiriku alikuwa na mguu mnene, na soksi ilipimwa kwa mguu wa Mama. Kwa hesabu ya Mama, ilimbana ikaisukuma damu mpaka ikatafuta pa kutokea. Alimwambia Shangazi, "Nilimvalisha kifo kwa mikono yangu, halafu mnataka mimi nikatibiwe nipone?" Niliposikia hivyo nilikwenda uani nikalia, nikarudi nikaendelea kushona sketi ya mteja, na pindo lake nililipotosha lote.

Nilimwambia Mama jambo moja tu, kwamba mimi sijui na Shangazi hajui, anayejua ni daktari wa mishipa, twende akaulizwe. Alikubali kwenda kuuliza. Alisisitiza kwamba haendi kutibiwa.

Daktari ni kijana, miwani ameipandisha kwenye paji la uso na kila mara anaitafuta mezani. Alimpaka Mama mafuta ya baridi mguuni, akapitisha kile kipimo, tukaiona mishipa kwenye kioo. Alieleza kwamba ndani ya mishipa hiyo mna vilango vidogo vinavyoruhusu damu ipande na kuizuia isirudi chini. Vya Mama vimelegea, damu inarudi inatuama, na kusimama kutwa kunazidisha. Alisema mguu wa kushoto ni mbaya, na hata wa kulia si mzima kama Mama anavyojidai.

Mama alimwacha amalize. Kisha akamweleza habari ya Chiriku, pole pole, bila kulia, akamuuliza kama soksi ndiyo iliyoua.

Daktari aliuliza kama marehemu alikuwa ameivaa wakati ule. Mama akasema hapana, ilikuwa imeanikwa kwenye kamba. Akauliza kama walimlaza. Mama akasema hapana, walimkalisha kitini. Yule kijana akapapasa mezani kutafuta miwani yake, na nilijua kwamba anapima aseme au asiseme. Alisema. Soksi haikumuua, japo soksi ya mtu hupimwa kwa mguu wa mtu mwenyewe. Mshipa wa namna hii ukipasuka, mtu alazwe chini, mguu unyanyuliwe juu kuliko moyo, na pale panapotoka damu pabonyezwe kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kufunua funua kuchungulia. Mara nyingi damu hukata. Akiwa amekaa wima, damu yote ya juu inateremkia pale pale, na kufunga kamba chini ya goti huizuia isipande kurudi, kwa hiyo inazidi kutoka.

"Kwa hiyo ni kulala tu?" Mama akauliza.

"Kulala, mama, na kubonyeza."

Mama alishuka kitandani, akavaa viatu, akatoka bila kuaga. Mimi ndiye niliyeshukuru na kuomba radhi. Tulipofika nyumbani akasimama katikati ya chumba akasema, "Walimkalisha, mwanangu. Walimpa kiti kizuri." Ndipo akalia, kilio ambacho hakukilia hata siku ya maziko, nami nikalia naye. Wote pale walikuwa wanampenda. Hakuna hata mmoja aliyesimama mikono mfukoni.

Alipotulia aliniapisha. Fundi baiskeli asijue. Mtu aliyemfunga mkewe kitenge kwa mikono yake, ukimwambia kwamba kile kitenge na kile kiti ndivyo vilivyomuua, unamzika naye. Nilikubali, na tangu siku hiyo Mama akaacha kupita nyumbani kwake. Alisema uso wake haujui kusema uongo. Wakikutana barabarani alikuwa anainamisha kichwa na kujifanya anatafuta kitu mkobani.

Lakini kazini hakuweza kunyamaza. Mapumziko ya mchana aliwakusanya wapiga pasi wenzake, na kila mwenye mishipa akaambiwa alale sakafuni na mguu juu ya meza, na mwenzake abonyeze. Msimamizi aliingia akakuta wanawake wazima wamelala chali mstari mzima, miguu hewani, akadhani wamegoma. Alimwita meneja. Wanasema Mama alimlaza sakafuni hata meneja, akamwonyesha. Nilicheka niliposimuliwa, nikaona jinsi ambavyo Chiriku angeisimulia vizuri zaidi, na kicheko kikaniishia mdomoni.

Siku moja kabinti kamoja kapya, kanapanga mashuka, kakamuuliza kama yeye mwenyewe ameshatibiwa. Mama akasema bado. Kakasema, "Basi ndiyo yale yale, mganga hajigangi." Maneno ambayo mimi na Shangazi tulitafuta miezi, katoto ka watu kameyasema huku kanakunja foronya. Mama alirudi nyumbani akaniambia nipange siku.

Daktari alitueleza njia zote. Soksi na kuinua miguu husaidia, ila hazirudishi vilango. Kuna upasuaji wa zamani wa kuung'oa mshipa wenyewe ukiwa umelazwa usingizi. Kuna sindano ya dawa ya povu inayoufanya mshipa ujifunge. Na kuna kuuchoma kwa ndani kwa joto la leza, wanapitisha uzi mwembamba kuanzia karibu na goti, ganzi inachomwa paja zima, na unarudi nyumbani siku ile ile kwa miguu yako. Kwa Mama alichagua leza kwa mshipa mkubwa na povu kwa vijitawi vya chini, karibu na kidonda. Mama aliuliza, mshipa ukishachomwa damu itapita wapi. Daktari akasema ipo mishipa ya ndani iliyo mizima, ni kama kufunga barabara mbovu, magari yanapita nyingine. Mama akamjibu kwamba huku kwetu ukifunga barabara moja mji mzima unasimama.

Na mimi sikuona haya. Nilipandisha sketi nikamwonyesha vile vijishipa vyangu vya buluu na vyekundu nyuma ya goti, vyembamba kama nyuzi zilizokwama kwenye mashine. Alisema hivyo vinachomwa vijisindano kwa ajili ya urembo tu, havina neno. Mama akaniambia nishushe nguo, siku hiyo si yangu.

Alitibiwa wiki iliyopita. Alilala pale mkono wake ukiwa ndani ya wangu, na hakulalamika. Hilo lilinitia hofu kuliko kama angelalamika, kwa sababu Mama ninayemjua mimi hugombana hata na mpima uzito. Alipofungwa bendeji na kuvalishwa soksi juu yake, muuguzi alimsifu kwa uvumilivu. Mama akasema, "Mwenzangu hakupata nafasi ya kuvumilia." Kidonda sasa kinakauka. Mguu wa kulia una tarehe yake, mwezi ujao.

Sharti kubwa la daktari ni kutembea. Nusu saa kila siku, asisimame, asikae muda mrefu. Siku ya kwanza nilimfuata. Miguu yake haikuniuliza pa kwenda. Ilikwenda moja kwa moja hadi kwa Chiriku, ikafika kwenye uzio, ikageuka. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu aliniambia nibaki na cherehani yangu, na mimi nikabaki, lakini moyo ulikuwa unamfuata.

Juzi nilipeleka baiskeli ya mteja wangu mmoja ikazibwe pancha. Fundi alifanya kazi yake bila kusema, na mimi nikawa nageuza uso kama Mama. Alipomaliza aliosha mikono, akaniambia kwamba kila jioni anamwona Mama akifika kwenye uzio na kurudi. Nikaanza kubuni uongo kuhusu mazoezi. Akanikatiza, kwa upole ule ule, akasema, "Mwambie mama yako aingie. Mimi najua. Niliambiwa hospitali siku ile ile. Nilikuwa namficha yeye, asije akajua kwamba mwenzake angepona, mpaka niliposikia anayowafundisha wenzake kazini."

Nilishika usukani wa baiskeli nikasimama. Wakati anatuletea ile soksi alikuwa anajua. Aliianua akijua, akaikunja akijua, akakaa kwenye kiti chetu akatutazama, akaondoka na mzigo wake peke yake ili asituongezee. Na Mama huku naye anajibana na wa kwake ili asimwongezee yeye.

Jana nilimwambia Mama. Alikuwa anamenya viazi, akamaliza kuvimenya vyote, hata vile nilivyokuwa nimeviweka kwa ajili ya kesho.

Leo alasiri amevaa soksi zake, miguu yote miwili, akatoka kwenda kutembea. Nimekaa hapa kwenye meza yangu ya kushonea ninakuandikia, na kila ukurasa ukijaa natupa jicho mlangoni. Nusu saa ya daktari imepita zamani. Mama bado hajarudi, nami sitakwenda kumtafuta.

Msalimie sana Wifi, mwambie vipimo vya gauni lake nimevipata. Wabusu watoto, waambie hawajui jinsi shangazi yao anavyowatamani. Shangazi yetu naye anakusalimu na anauliza kama unakula. Ukizungumza na fundi baiskeli kwa simu mpe pole tena, na umwachie yeye aseme, hata akikawia kuanza.

Mwenyezi Mungu akutunze ugenini, aitunze na miguu yako, akurudishe kwetu ukiwa na nguvu za kutembea.

Ni mimi mdogo wako akupendaye daima,
Kitindamimba.